Kome, chaza na dawa ya "uvimbe": majibu kwa wasomaji wa Tanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini, Pangani na vijiji vya Mkinga, na karibu zote zinaulizia jambo moja: je, kome, chaza, kombe, kaa na kamba wanatibu saratani na maumivu ya viungo? Wanaojibu ni daktari na mfamasia wa safu hii.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52. Tangu kabla ya Ramadhani ana uvimbe kwenye titi la kushoto, hauumi. Kuna mtu Ngamiani anauza unga wa chaza, anauita dawa ya uvimbe: kijiko asubuhi na kijiko jioni kwenye maji ya moto, siku 40. Bibi aliutumia na goti lake likapungua kweli. Mama anasema amalize dozi kwanza ndipo aende hospitali ya Bombo. Nimwambie nini? — Binti, Makorora

Marahaba, mwanangu. Mama aende Bombo wiki hii, dozi isisubiriwe. Na kwamba hauumi kusiwatulize, kwa sababu saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Shida ya kwanza iko kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita uvimbe goti lililojaa, na kinaita uvimbe donge la titi, na muuzaji anapita katikati ya maana hizo mbili bila mtu kumshtukia. Goti la bibi lilivimba kwa sababu mwili ulipeleka hapo damu, maji na chembe za ulinzi. Ndiyo maana lilikuwa na joto na lilimuuma. Uvimbe wa namna hiyo hupanda na kushuka wenyewe. Chochote alichokunywa bibi wiki ulipokuwa unashuka kitapewa sifa, hata kama ni chai ya mchaichai. Donge la titi likiwa la saratani ni jambo jingine: ni chembe za mwili zinazogawanyika bila kusikia amri ya kuacha. Halina kupanda na kushuka. Hata dawa za hospitali zinazopunguza goti, kama ibuprofeni, haziyeyushi donge hilo.

Sasa tuutazame unga wenyewe. Gamba la chaza lililosagwa ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilichomo kwenye vidonge vya kiungulia, na asilimia 40 ya uzito wake ni kalsiamu. Kijiko cha chai kilichojaa hubeba gramu 4 hivi. Viwili kwa siku ni gramu 8, yaani zaidi ya gramu 3 za kalsiamu, wakati kikomo kwa mtu wa umri wa mama yako ni gramu 2 kwa siku pamoja na ile ya chakula. Mwenye figo nzima atafunga choo, na akiendelea atajitafutia mawe ya figo. Kwa mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa hatari iko karibu zaidi, kwa sababu mfupa unaoliwa humwaga kalsiamu yake kwenye damu, na unga unaongeza juu yake. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kusinzia mchana na kuchanganyikiwa maneno: ukiona hayo kwa mgonjwa wa saratani, ni hospitali usiku huohuo.

Kuna na suala la moto. Wengine huchoma magamba kabla ya kuyasaga. Moto mdogo wa mkaa huyafanya meusi na laini tu, lakini tanuri kali, kuanzia nyuzi 800 na kitu, huyageuza chokaa hai, ya jamii ileile iliyojengea kuta za Tongoni. Chokaa hai ikikutana na mate huunguza mdomo na koo. Kuitambua si vigumu: weka kijiko cha unga kwenye kikombe cha bati, tia maji kidogo ya baridi, kisha ushike kikombe kwa nje. Kikipata joto chenyewe, unga huo usiingie mdomoni mwa mtu.

Huko Bombo watamshika titi na kwapa, watampiga picha ya ultrasaundi, na wakiona haja watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene. Watu wengi wanaogopa kwamba kulichokoa donge kunasambaza saratani. Msiogope hilo. Bila kipande hicho daktari hajui donge ni la aina gani wala dawa ipi inalifaa, na madonge mengi yanayopimwa hukutwa si saratani. Ulizeni majibu yatatoka tarehe ngapi, muiandike, na siku hiyo ikipita nendeni wenyewe bila kungoja simu. Ikionekana ni saratani, atapewa rufaa, mara nyingi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC, Moshi.

Usigombane na mama kuhusu unga. Mwombe auweke kabatini mpaka majibu yatoke. Tunasema hivi kwa sababu siku 40 hazibaki 40: dozi ya kwanza isipofaa muuzaji husema mwili ulikuwa mchafu, irudiwe, na hapo miezi mitatu imekwenda. Donge la chini ya sentimita 2 ambalo halijafika kwapani kwa kawaida huondolewa lote. Lililopasua ngozi linahitaji dawa nyingi kabla hata ya kufikiria kisu.

Ndugu wahariri, nafundisha baiolojia sekondari. Nimesoma kwamba dawa kadhaa za saratani zimetokana na viumbe wa baharini. Kama ni kweli, kwa nini mnawavunja moyo wanaokunywa supu ya kombe? — Mwalimu, Chumbageni

Ni kweli, mwalimu, na habari yenyewe ni nzuri kuliko inavyosimuliwa sokoni.

Sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika mpaka leo, ilitengenezwa kwa kuiga vitu ambavyo Werner Bergmann alivikuta kwenye sifongo wa Karibi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Eribulini, ya saratani ya titi iliyosambaa, ilipita mwaka 2010. Asili yake ni sifongo wa Japani. Trabektedini, ya saratani za misuli na mafuta, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2007, nayo ilitoka kwa mnyama laini kama vifuko vya maji anayeota kwenye mizizi ya mikoko ya Karibi. Tani nzima ya wanyama hao ilitoa gramu 1 hivi ya dawa, ndiyo maana leo wanaianza na kitu kinachotengenezwa na bakteria viwandani. Utaona kwamba wote hao hawana gamba.

Aliye karibu na kombe ni jamaa mmoja wa konokono anayekutwa kwenye nyasi za bahari maji yakipwa: mnene, rangi ya tope, gamba lake dogo limefichwa ndani ya nyama, na ukimshika hutoa maji ya zambarau. Jina lake la kisayansi ni Dolabella auricularia. George Pettit wa Marekani alimchunguza kuanzia miaka ya 1970 kwa wanyama waliokusanywa katika Bahari ya Hindi, na muundo wa sumu yake, dolastatini 10, ukatangazwa mwaka 1987. Mamia ya kilo za wanyama zilitoa miligramu chache tu. Walipoijaribu kwa wagonjwa peke yake haikufua dafu: kipimo ambacho mwili ungekivumilia hakikutosha kuimaliza saratani. Ndipo ikatengenezwa nduguye maabara, ikafungwa kwenye kingamwili inayozitafuta chembe za limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi) na kupeleka sumu ndani yake. Dawa hiyo, brentuksimabu vedotini, iliidhinishwa mwaka 2011. Na wanafunzi wako watalipenda hili: sumu yenyewe haitengenezwi na konokono. Inatoka kwa bakteria wa kijani-buluu anaowala.

Kombe mwenyewe naye amejaribiwa, hatukumpuuza. Miaka ya 1960 watafiti wa Marekani waliona maji ya kombe fulani yakipunguza kasi ya uvimbe kwa panya, lakini dawa haikutoka. Baadaye kombe wa bahari za baridi alitoa kitu kinachoitwa spisulosini, kikafika mpaka kwa wagonjwa katika majaribio ya awali. Kikadhuru mwili kuliko kilivyoisaidia tiba, kikaachwa.

Tuje kwenye supu. Ukisoma kwamba maji ya kome "yameua chembe za saratani", uliza yameziulia wapi. Kwenye kisahani cha maabara hata chumvi ikizidi inaziua. Kisha uliza kipimo. Tuseme ilihitajika mikrogramu 100 kwa kila mililita. Mtu wa kilo 60 ana maji kama lita 35 mwilini, kwa hiyo angehitaji gramu 3.5 za kitu chenyewe kilichosafishwa, ziingie zote kwa wakati mmoja, bila tumbo kuvunja chochote na bila ini kukamata chochote. Vitu vingi vinavyotajwa kwa kome na kombe ni protini na vipande vya protini. Tumbo huvivunja kama linavyovunja nyama ya ng'ombe, na sufuria imeshavivunja kabla yake. Supu ya kombe ni chakula kizuri: ina zinki, chuma na vitamini B12 kwa wingi. Hatuwavunji moyo wanaoinywa. Tunawazuia wanaoinywa badala ya kwenda kutibiwa.

Assalam aleikum. Nina miaka 67, magoti yananitesa. Mwanangu aliye ng'ambo amenitumia kopo la vidonge vya kome wa midomo ya kijani na jingine la glukosamini. Vinafaa? Natumia pia warfarini kwa ajili ya moyo. — Mzee, Pangani

Waaleikum salaam, mzee wetu. Umefanya vyema kuitaja warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana ndiyo inayotangulia mambo yote hapa. Kuna wagonjwa waliochanganya glukosamini na warfarini damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi, na bidhaa za kome nazo zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Usimeze hata kimoja kabla ya kliniki yako kukubali na kukupangia kupimwa INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) wiki moja au mbili baada ya kuanza. Ukiona michubuko usiyojua imetoka wapi, fizi zinazotoa damu au choo cheusi kama lami, acha vidonge hivyo, usiache warfarini kwa uamuzi wako, na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kome huyo ni wa New Zealand, Perna canaliculus kwa jina la kisayansi. Alianza kutajwa kwa maumivu ya viungo miaka ya 1970. Majaribio ya kwanza yalipingana: mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona kitu. Sehemu ya sababu ni namna ya kumkausha. Kinachodhaniwa kupunguza uvimbe ni mafuta yake, na mafuta ya namna hiyo huharibika upesi kwa joto na hewa. Unga uliokaushwa kwa moto unaweza kuwa na jina la kome bila kazi yake. Kwa hiyo soma kopo: liandikwe kwamba kome amekaushwa kwa baridi kali, au ni mafuta yaliyokamuliwa, na miligramu zitajwe. Vipimo vilivyozoeleka kwenye majaribio ni karibu miligramu 1,000 za unga kwa siku. Joto la Pangani nalo lina kazi yake, basi kopo lisikae dirishani wala juu ya friji inayochemka mgongoni. Vidonge vikitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, vitupe.

Tukupe na tahadhari ya kihistoria. Mwaka 1999 magazeti na televisheni za New Zealand na Australia zilivuma kwamba mafuta ya kome huyu yanaua saratani. Watu walijaa madukani. Ushahidi wote ulikuwa wa maabara, na New Zealand muuzaji akaishia mahakamani. Kwa saratani hakuna jaribio la wagonjwa lililoonyesha kwamba yanafaa. Kwa magoti yaliyolika kuna dalili za nafuu ndogo kwa baadhi ya watu, na hapo ndipo tunapoishia.

Glukosamini hutengenezwa kwa magamba ya kaa na kamba. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1,500 kwa siku. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 1,583 wa magoti, halikuiona ikishinda kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa wote kwa jumla. Wachache wenye maumivu makali walionekana kufaidika ikichanganywa na kondroitini, kidonge kingine cha viungo, lakini idadi yao ni ndogo mno kuweza kuapia. Sisi tungekushauri fedha ya kopo la pili mwanao aitumie kwa jambo jingine.

Kliniki ikikubali kome, fanya hivi. Anza na kopo moja tu, la sivyo hutajua kipi kimefaa na kipi kimedhuru. Kila Ijumaa andika maumivu yako kwa namba, 0 mpaka 10, na umbali unaotembea bila kusimama. Mpe wiki 12, kwani huyu si dawa ya usiku mmoja. Namba isiposhuka angalau kwa 2, acha. Tumbo kujaa gesi mwanzoni ni kawaida. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, acha hapohapo ukapimwe ini.

Na usiku huu, bila kununua chochote: kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mmoja mpaka goti limenyooka kabisa, ushikilie ukihesabu mpaka 5, ushushe polepole. Mara 10 kila mguu, kutwa mara tatu. Msuli wa paja ukipata nguvu goti hupumzika. Kama una uzito wa ziada, kila kilo unayoipunguza huondoa mzigo wa kilo 4 hivi kwenye goti kwa kila hatua unayopiga. Hakuna kome anayefika hapo. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama kwako kuliko diklofenaki, ambayo pamoja na warfarini inaweza kulifanya tumbo litoe damu. Hata hiyo parasetamoli, ukiitumia kila siku waambie kliniki.

Nilinunua mnadani vidonge visivyo na jina, eti ni unga wa kaa wa baharini kwa baridi yabisi. Usiku uleule maumivu yaliisha! Sasa ni mwezi wa nne, nakula sana na uso umekuwa wa mviringo. Niendelee? — Mama, Tongoni

Mama, kasi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Hakuna unga wa kaa, kome wala chaza unaoondoa baridi yabisi usiku mmoja. Kinachoweza hivyo ni dawa za steroidi, deksamethasoni au prednisoloni, na vidonge vya viungo visivyo na jina hukutwa vimechanganywa nazo katika nchi nyingi duniani. Hamu kubwa ya chakula na uso wa mviringo ni alama zake. Nyingine ni sukari na presha kupanda, ngozi kuchubuka kirahisi na vidonda kuchelewa kupona.

Usiviache ghafla. Baada ya miezi minne mwili wako huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na kukata siku moja kunaweza kukuangusha: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka mpaka kuzimia. Nenda hospitali na vidonge vyenyewe mkononi, mwambie daktari kila kitu bila kuogopa kukemewa, apime sukari na presha na akupangie kupunguza kidogokidogo. Atakupeleka pia kwenye dawa halisi ya baridi yabisi, kama methotreksati inayomezwa mara moja tu kwa wiki, ambayo inalinda viungo visipinde. Vidonge vilivyobaki wapeni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) wavipime.

Je, kome tunaookota wenyewe bamvua likija wanafaa kwa uvimbe wa viungo kama wale wa New Zealand? — Msomaji, Moa

Wale ni aina nyingine, na walipimwa wakiwa wamekaushwa kwa baridi. Kome wako waleni kama kitoweo. Ukitaka mafuta yanayosaidia baridi yabisi, vibua wana mafuta hayo kwa wingi kuliko kome, na bei yake unaijua. Majaribio yaliyoonyesha nafuu yalitumia karibu gramu 3 za omega-3 kwa siku. Kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki chenye gramu 1 huwa na miligramu 300 tu za omega-3 yenyewe, kwa hiyo kimoja kwa siku ni kama hakuna.

Ila ujue kwanza ugonjwa wako. Kama kidole gumba cha mguu huwaka ghafla usiku mpaka shuka likikigusa unalia, hilo huenda ni jongo. Kome, kamba na dagaa wana purini nyingi inayogeuka asidi ya yuriki, basi supu hiyo itakuongezea.

Mume wangu amerudi kutoka Dar es Salaam, anaendelea na dripu za saratani kila wiki tatu. Hana hamu ya chakula ila anataka chaza wabichi wa ndimu. Nimpe? — Mke, Sahare

Wabichi hapana, dada, hata mmoja. Ndimu haiui vijidudu, inabadilisha rangi ya nyama tu. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji, chaza mkubwa hupitisha makumi ya lita kwa siku, na kila kilichomo majini hubaki ndani yake: vijidudu vya choo, vibrio, kirusi cha homa ya ini A. Dripu nazo hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi kiwango cha chini kabisa ni kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila dripu. Kijidudu kinachokuharisha wewe siku moja kinaweza kuingia kwenye damu yake.

Waliopikwa vizuri anaweza kula. Nunua walio hai: gamba lililo wazi liguse, lisipojifunga tupa. Wasiwe wameokotwa karibu na mfereji wa maji machafu, bandarini, au mdomoni mwa mto baada ya mvua kubwa. Sugua magamba kwa brashi. Maji yachemke kwanza kwa fujo ndipo uwatie, wachache wachache, maana ukiijaza sufuria wa katikati hawaivi. Magamba yakifunguka usiepue. Hesabu dakika 5 nyingine. Asiyefunguka mtupe. Chaza waliobanduliwa kwenye gamba wachemke si chini ya dakika 3. Ale papo hapo, kiporo cha kombe si chake kwa sasa.

Kuchemsha kuna mpaka wake. Sumu ya mwani mdogo mno unaogeuza bahari kuwa nyekundu haifi jikoni, wala metali nzito kama risasi na kadimiamu za kwenye tope la bandari. Midomo na vidole vikianza kufa ganzi ndani ya saa mbili baada ya kula, mkimbizeni hospitali mara moja, kwa sababu kinachofuata ni pumzi.

Nunua na kipimajoto, hakina bei kubwa. Kikifika 38, hata saa nane ya usiku, mpeleke hospitali na umwambie wa mapokezi kwa sauti: yuko kwenye dawa za saratani.

Sisi vijana wa kupiga mbizi tumeambiwa konokono wenye umbo la koni wana dawa ya saratani na kuna mnunuzi. Tuwatoeje? — Mzamiaji, Kigombe

Msiwatoe. Kuna dawa iliyotokana na sumu ya konokono wa koni: zikonotidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Haitibu saratani, inatuliza maumivu makali mno, yakiwemo ya saratani, na hutiwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo. Tena hutengenezwa maabara, hakuna konokono anayekamuliwa kwa ajili yake.

Aina kubwa, Conus geographus, imo pia katika Bahari ya Hindi na imeshaua watu. Hupenyeza mkuki wake kupitia tundu la mbele, unafika mpaka alipo mkono wako hata ukimshika kwa nyuma, na hupita kwenye kitambaa. Maumivu yanaweza kuwa madogo kabisa, kisha mtu anaona vitu viwiliviwili, ulimi unakuwa mzito, kifua kinaacha kupanda. Dawa ya kupinga sumu hiyo haipo. Funga mkono mzima kwa bendeji pana, ya kubana kiasi cha msuli uliotegukwa, uukaze na kipande cha ubao usitikisike, mlaze, msimkate wala kumnyonya, mpelekeni hospitali. Pumzi ikikatika mpulizieni mdomoni bila kuacha njia nzima: sumu huisha nguvu baada ya saa kadhaa, na anayepuliziwa anaweza kupona. Huenda anawasikia hata kama hawezi kufumbua jicho, basi semeni naye.

Kamba wananivimbisha midomo. Nimeandikiwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani na jirani anasema nikatae kwa sababu dawa hiyo ina ayodini kama ya kamba. — Msomaji, Mabokweni

Usikatae. Kinachokuvimbisha ni protini ya nyama ya kamba iitwayo tropomiosini, ambayo haivunjiki hata kwa kuchemshwa, ayodini haihusiki. Mzio wa kamba haukuzuii kupigwa picha hiyo. Mwambie mpiga picha mambo matatu: una mzio wa kamba na unakufanya nini, kama uliwahi kudhurika na dawa yenyewe ya picha, na hali ya figo zako. Ukiwa na kisukari na unatumia metformini, mtajie na hilo kabla sindano haijaingia.